Kuomba Muda Nako Ni Kulipa



Vijana wenzangu, nawaandikia kutoka Bariadi, ambako niko katika mwaka wangu wa uchungaji. Huku Simiyu msimu wa pamba umefunguliwa, na kama unavyojua, pamba ikianza kupimwa ndipo na madeni yanapoamka. Mkulima anafika mzanini na mizigo yake, kabla hajashika hata noti moja anakatwa mbegu, anakatwa viuadudu. Halafu njiani kurudi nyumbani anakutana na wale wengine anaowadai na wanaomdai.

Somo letu la leo linatoka Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, aya ya 1 hadi ya 7. Ni aya saba tu. Fungua Biblia yako, uzisome kwanza, halafu urudi hapa tuendelee.

Umesoma? Haya.

Nataka tuzungumzie deni, na si deni lolote. Kuna deni la kukopa, hilo tunalifahamu. Lakini kuna deni jingine ambalo vijana wengi linatukuta na hatulisemi wala kwenye kwaya wala kwenye grupu la VIWAWA. Hili ni la kudaiwa urudishe fedha ambayo hukuikopa. Ulilipwa. Iliingia yenyewe, ofisi ikakosea hesabu, wewe ukaitumia kwa shida zako. Miezi ikapita, kazi ikaisha, maisha yakabana. Ndipo inakuja barua: ulizidishiwa, rudisha zote.

Mjane aliyeachiwa deni

Tuanze na yule mama wa kwenye somo. Mume wake amefariki. Alikuwa mmoja wa wafuasi wa manabii, na mkewe anamkumbusha nabii Elisha jambo moja muhimu, kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu. Tulisimamie hilo kidogo, maana wapo wanaohubiri kwamba ukidaiwa ujue kuna dhambi umefanya au imani yako ni haba. Biblia haisemi hivyo. Mtu mcha Mungu kabisa amekufa na deni, na sasa mdai amekuja kuwachukua watoto wawili wa marehemu wawe watumwa wake.

Na yule mama hakutia saini yoyote. Hatuambiwi kama aliziona fedha zile. Ameamka tu asubuhi akakuta mzigo uko mlangoni. Yeye na kijana anayeshtukia barua ya kudaiwa malipo yaliyozidi wanafanana sana hapo.

Elisha anafanya nini? Hamwambii kwamba lile deni ni batili. Hamwambii pia auze kila kitu alipe leo, halafu yeye na watoto walale njaa. Anamuuliza maswali mawili: nikufanyie nini, na una nini nyumbani? Mama ana chupa ndogo ya mafuta. Anaagizwa aende kwa majirani aazime vyombo vitupu, vingi, kisha ajifungie ndani na wanawe wamimine. Mafuta yanajaza vyombo vyote. Mwishoni nabii anampa maelekezo ambayo tunayasoma haraka sana: auze mafuta, alipe deni, na kinachobaki yeye na watoto wake waishi nacho.

Alipe, na waishi. Yote mawili yako kwenye agizo moja. Shikilia hapo, tutaparudia.

"Frateri, mimi ni mwizi?"

Kuna dada mmoja wa hapa, ameniruhusu nisimulie bila jina. Alifanya kazi ya mkataba katika taasisi fulani. Alipohamishwa kituo, posho yake ya usafiri ikaanza kulipwa mara mbili, ya kituo cha zamani na ya kituo kipya, shilingi 310,000 zaidi kila mwezi. Aliona fedha imeongezeka, akamuuliza mhasibu kwa mdomo, akajibiwa kwamba ndicho kiwango kipya. Basi, akashukuru Mungu. Fedha ile ikamtibu baba yake mguu, ikamnunulia mdogo wake sare, godoro na nauli ya kwenda bweni.

Mkataba ukaisha, haukuongezwa. Baadaye wakaguzi wakapita kwenye vitabu, na barua ikamfuata nyumbani: miezi sita, jumla shilingi 1,860,000, zilipwe ndani ya siku 30. Wakati huo alikuwa anauza choroko kwa kilo, na mvua zilikuwa zimekatika mapema.

Akaiweka ile barua chini ya godoro. Akaacha kuja mazoezi ya kwaya. Jumapili alikaa benchi la nyuma kabisa, na wakati wa komunyo hakusogea. Wiki ya tatu ndipo akanifuata nje ya kanisa. Hakuuliza habari ya fedha. Aliuliza, "Frateri, mimi ni mwizi?"

Vijana wenzangu, swali lile ni zito kuliko milioni moja na laki nane. Fedha hutafutwa. Lakini binti anayejiona mwizi mbele ya Mungu anaweza kupotea kabisa, na tunajua wapo vijana ambao deni limewasukuma hadi kwenye mawazo ya kujidhuru. Kama unayasoma haya na uko huko, simama hapa kwanza. Mpigie mtu unayemwamini leo hii, au nenda kwa paroko wako, au hospitali. Deni ni hesabu kwenye karatasi. Wewe ni mtu ambaye Kristo amemfia.

Turudi kwenye swali. Katika falsafa tulisoma mazungumzo ya Plato yaitwayo *Jamhuri*. Mwanzoni kabisa yupo mzee tajiri, Kefalo, ambaye kwake haki ni kusema kweli na kurudisha ulichopokea. Sokrate anamuuliza, je, ukipokea silaha kwa rafiki ambaye baadaye amepata wazimu, utamrudishia akidai? Kila mtu anakubali kwamba hapana. Maana yake ni kwamba kurudisha ni jambo la haki, lakini lazima utumie akili kujua unarudisha nini, kwa nani, lini na kwa namna gani.

Mtakatifu Thoma wa Akwino analichambua zaidi katika *Summa Theologiae*, Sehemu ya Pili ya Sehemu ya Pili, swali la 62, linalohusu kurudisha. Anatenganisha mambo mawili ambayo sisi huwa tunayachanganya. Kuna kitu chenyewe kilichopokelewa, na kuna namna kilivyopokelewa. Kitu kinaweza kuwa cha mwingine, ikabidi kirudi kwake, na bado yule aliyekipokea hakutenda ubaya wowote katika kukipokea. Mwizi anafungwa na yote mawili. Aliyepokea kwa nia njema, hakuiba.

Kwa hiyo jibu kwa dada yetu lilikuwa: hapana, wewe si mwizi. Hukuficha, hukudanganya, na uliuliza. Wizi unahitaji nia ya kuchukua cha mwenzio kinyume na matakwa yake, na nia hiyo hukuwa nayo. Kwa kuwa mimi ni frateri tu, nikamwelekeza kwa paroko wakazungumze zaidi. Jumapili iliyofuata alipanda mstari wa komunyo na wenzake.

Nisieleweke vibaya lakini. Kama wewe uliijua fedha si yako, ukanyamaza makusudi, ukaomba isigundulike, hapo habari ni nyingine. Hapo kuna kitubio, na kitubio hakikamiliki bila nia ya kurudisha. Zakayo hakuishia kumkaribisha Yesu chakula. Alisimama akasema atarudisha, tena mara nne.

Basi, kama si mwizi, kwa nini arudishe?

Hili ni swali zuri na vijana wananiuliza sana. "Frateri, kosa ni la mhasibu, mimi linanihusu nini?"

Linakuhusu, kwa sababu ya lile jambo la kwanza la Mtakatifu Thoma: kitu chenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2411 na 2412, inafundisha kwamba haki kati ya mtu na mtu inadai madeni yalipwe na cha mwingine kirudi kwa mwenyewe. Kosa la mhasibu halikugeuza fedha ile kuwa yako. Kama ni fedha ya umma, ni dawa za zahanati ya mtu huko Itilima. Kama ni ya shirika, kuna mtu mwingine ilipaswa kumfikia.

Wataalamu wa maadili wa Kanisa wamekiri pia kwamba aliyetumia cha mwingine kwa nia njema, kikaisha bila yeye kutajirika, hawezi kubebeshwa mzigo uleule wa aliyejua. Hoja hiyo ni ya kweli na una haki ya kuieleza ofisini unapoomba upunguziwe. Ila usiifanye kichaka cha kujificha. Dada yetu mwenyewe alisema vizuri: "Baba angetibiwa tu hata bila ile posho, ningekopa. Kwa hiyo ilinisaidia, siwezi kusema sikufaidika." Huo ndio unyofu.

Lazima leo?

Sasa sikia, hapa ndipo penye kiini cha tafakari yetu. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na ni kweli kabisa. Lakini dawa hunywewa kwa kipimo. Ukimeza dozi yote ya mwezi kwa siku moja, inakuwa sumu.

Katika swali lilelile la 62, kifungu cha 8, Mtakatifu Thoma anauliza kama mtu analazimika kurudisha papo hapo. Anajibu ndiyo, kwa sababu kukaa na cha mwingine kinyume na mapenzi yake ni kumkosea, hata kama ni kwa siku chache. Halafu anaongeza jambo la huruma sana: asiyeweza kulipa kwa sasa, kule kushindwa kwake kunamwondolea wajibu wa kulipa sasa hivi. Hakumwondolei kila wajibu. Anabaki na wajibu wa kumwendea anayemdai, yeye mwenyewe au kupitia mtu mwingine, aombe asamehewe au aongezewe muda.

Umeliona hilo? Kwa fukara, kuomba muda ni wajibu wa haki, uko palepale ambapo kwa mwenye fedha pangekuwa na malipo. Wengi wetu tunaona kwenda kuomba muda ni aibu, ni kujidhalilisha, ni dalili ya kushindwa. Mwalimu wa Kanisa anasema ndiyo hatua ya kwanza ya kulipa. Anayekosa fedha hatendi dhambi kwa kukosa. Lakini anayezima simu, anayebadilisha laini, anayeikalia barua wakati angeweza kwenda kusema, huyo ndiye ameanza kumkosea mwenzake.

Ndiyo maana mjane wa kwenye somo alilia kwa sauti mbele ya nabii. Hakujifungia na watoto akasubiri wachukuliwe. Mlango aliufunga baadaye, wakati wa kumimina mafuta. Wengine tunaufunga kabla hatujaongea na mtu yeyote, na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwanza hakiki

Kabla ya kuomba muda, hakikisha deni ni la kweli. Barua yenye nembo na muhuri si Injili. Mifumo hukosea, na ofisi pia hukosea, hata katika nchi zilizoendelea.

Nchini Australia, kuanzia mwaka 2016 hadi 2019, serikali ilitumia mfumo wa kompyuta uliokadiria kipato cha watu kwa kuchukua wastani wa mwaka, kisha ukawatumia madai ya kurudisha misaada eti walizidishiwa. Watu wengi masikini walidaiwa fedha ambazo hawakupaswa kudaiwa. Mwishowe serikali ikakiri kwamba utaratibu ule haukuwa halali, na tume maalumu ya uchunguzi ikatoa ripoti yake mwaka 2023. Uholanzi nako wazazi maelfu walituhumiwa kimakosa kwamba wamedanganya katika posho za malezi ya watoto, wakaamriwa kurudisha fedha nyingi, familia zikavurugika. Mwezi Januari 2021 serikali ya nchi ile ilijiuzulu kwa sababu ya kashfa hiyo.

Dada yetu alipoombwa na mwenyekiti wa jumuiya yake atoe ile barua chini ya godoro, walikaa nayo mezani wakaisoma mstari kwa mstari, pamoja na taarifa ya benki. Wakagundua mwezi mmoja kati ya ile sita ulikuwa halali yake, kwa sababu alikuwa bado anatumikia vituo vyote viwili kwa kupishana. Ofisi ilipooneshwa ilikubali. Deni likashuka hadi shilingi 1,550,000. Laki tatu na kumi ziliondoka kwa sababu tu mtu alisoma barua badala ya kuilalia.

Una nini nyumbani?

Swali la Elisha ni la kiroho, na pia ni la bajeti. Kaa chini na karatasi. Andika kinachoingia kwa mwezi, na andika kisichoweza kukatwa: chakula, dawa, kodi ya chumba. Ukiishi kwa kuuza mbogamboga soko la Bariadi, andika hivyo hivyo, usione haya. Kinachobaki, hata kama ni kidogo, ndiyo chupa yako ya mafuta. Hicho ndicho unachokwenda nacho ofisini.

Dada yetu alikuwa na kuku tisa, magunia mawili ya choroko na baiskeli ya marehemu babu. Baiskeli haikuuzwa, kwa sababu ndiyo iliyombebea choroko sokoni. Kuuza kinachokuingizia chakula ili ulipe deni la leo ni kujiandalia deni la kesho. Torati ililijua hilo zamani sana: Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana ni kuchukua uhai wa mwenzio.

Na tafadhali sana, usizibe deni hili kwa mkopo wa kausha damu. Nasema haya kwa uchungu, maana vijana wengi wanaangukia hapo. Unadaiwa na ofisi ambayo ingekupa miezi, unakimbilia programu ya simu inayokupa siku saba, na ukichelewa inawatumia ujumbe watu wote walioko kwenye simu yako, kuanzia bosi mpaka mkwe. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Kabla hujabonyeza "kubali", jiulize unamkimbia nani na unamkimbilia nani.

Vyombo vitupu vya majirani

Jambo linalonigusa sana katika somo hili ni kwamba majirani hawakutoa mafuta. Walitoa vyombo vitupu. Huenda nao hawakuwa na kitu. Lakini bila vile vyombo, mafuta yasingekuwa na pa kukaa.

Jumuiya Ndogo Ndogo zetu huku Simiyu si tajiri. Ukisema watu wachange milioni moja na nusu, unawatesa, hasa mwaka wa mvua mbaya. Ila chombo kitupu kila mtu anacho. Mwenyekiti wa jumuiya ya dada yetu, mama mtu mzima anayeuza dagaa, alisema, "Mwanangu, fedha sina, lakini nitaenda na wewe. Nitakaa pembeni yako, wasikutishe." Kijana mmoja wa VIWAWA mwenye kompyuta akachapa barua. Jirani akampa nafasi ya meza sokoni, asiwe anazunguka juani.

Wakaenda. Mara ya kwanza aliyehusika hakuwepo. Mara ya pili wakamkuta, akasoma barua, akasema siku 30 haziwezi kubadilishwa. Yule mama akamwambia kwa upole, "Baba, huyu mtoto hajakimbia, amekuja kwa miguu yake. Ungependa aliyekimbia?" Yule bwana akanyamaza, akaenda kumwona mkubwa wake. Walirudi na makubaliano ya maandishi: shilingi 50,000 kwa mwezi, miezi 31.

Hadi naandika haya amelipa mara nne. Bado miezi 27. Si muujiza wa kushangiliwa kwenye mkesha, na kuna mwezi aliuza kuku wawili ili afikishe. Lakini anaimba sauti ya kwanza Jumapili, na simu yake iko wazi.

Kwa ninyi mnaodai

Baadhi yenu mnaosoma hapa ni watunza hazina wa VICOBA, ni maofisa mikopo, ni wahasibu, ni viongozi wa vikundi. Neno hili ni lenu pia. Ile sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati inamwagiza anayekopesha asiingie nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, amngoje mwenyewe amletee. Na kama mdaiwa ni masikini na aliweka rehani vazi lake, arudishiwe kabla jua halijazama, apate la kujifunika usiku. Halafu sisi tunaingia hadi chumbani, tunabeba godoro mtoto akiwa amelilalia, na jioni tunasali rozari.

Katika Mathayo sura ya 18, watumishi wote wawili, mwenye deni kubwa na mwenye deni dogo, waliomba kitu kilekile: uvumilivu, muda. Yule wa kwanza alipewa zaidi ya alichoomba, alisamehewa yote. Kosa lake halikuwa kudai haki yake. Alikataa kumpa mwenzake hata muda. Kumbe muda ndiyo huruma ya chini kabisa ambayo Mkristo anaweza kuitoa, na yeye ilimshinda.

Na taratibu za wanadamu zinaweza kulegezwa. Mliosoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, mnajua makato ya asilimia 15 ya mshahara. Mnajua pia ile asilimia 6 iliyokuwa inaongezwa kila mwaka kulinda thamani ya fedha, hadi mtu analipa na deni halipungui. Watu walisema, wakaandika, wakalalamika kwa adabu. Mei Mosi 2021, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuiondoa. Deni la msingi lilibaki, kwa sababu ni haki lilipwe, na wanafunzi wengine wanalisubiri. Mzigo wa juu yake ndio uliotolewa. Baba Mtakatifu Fransisko naye, alipotangaza Jubilei ya mwaka 2025, aliziomba nchi tajiri zisamehe madeni ya nchi ambazo haziwezi kamwe kuyalipa. Wanaotoa ombi hilo kwa mataifa wanapaswa kuliweza kwa jirani.

Ya kufanya wiki hii

Kama uko kwenye hali hii, chukua hatua hizi, moja baada ya nyingine:

1. Itoe barua ulikoificha. Isome ukiwa na mtu mmoja unayemwamini.
2. Hakiki kila namba. Omba mchanganuo kwa maandishi.
3. Andika hesabu zako za mwezi, kwa ukweli.
4. Peleka ombi la muda kwa maandishi, ueleze ulivyopokea kwa nia njema na kiasi unachoweza kulipa kila mwezi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.
5. Nenda na shahidi.
6. Ukikubaliwa, lipa tarehe ileile kila mwezi na utunze kila risiti. Mwezi ukishindwa, nenda kasema kabla ya tarehe, si baada.
7. Usiache Misa. Usiache kwaya. Shetani anapenda sana mdaiwa aliye peke yake.

Na kama wewe hudaiwi, jiulize ni nani katika jumuiya yako ameacha kuonekana siku hizi. Mtembelee. Beba chombo kitupu.

Tusali

Ee Mungu Baba yetu, uliyesikia kilio cha mjane, wasikie leo vijana wote wanaodaiwa wasichoweza kulipa. Waondolee hofu inayowafanya wajifiche. Wape ujasiri wa kusema kweli, uaminifu wa kulipa kidogo kidogo, na riziki ya kuishi wanapolipa. Walainishe mioyo wanaodai, wakumbuke jinsi ulivyowavumilia wao. Zifanye jumuiya zetu ziwe mahali ambapo mtu anaweza kulia kwa sauti bila kuchekwa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria, Mama wa Shauri Jema, utuombee.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo, Frateri, kutoka Bariadi. Tuombeane.